Presha ya Katibu

Norah alikuwa ameshaweka malengo yake ya Kwaresima wiki nzima kabla Mzee Ondiek hajarudi kutoka semina na bahasha yake ya kaki. Yalikuwa matatu, ameyaandika kwa chaki ya kushonea upande wa ndani wa mlango wa kabati. La mwili: kutembea nusu saa kila jioni, na kuacha chumvi. La akili: simu iwekwe mbali saa moja ikifika, na kulala mapema. La roho: zaburi moja kila alfajiri, kabla nyumba haijaanza kumwita. Hakumwambia mtu ila Tobias, mumewe. Aliamini kwamba malengo ya mtu mzima hayahitaji mashahidi.

Na sababu alikuwa nayo. Mwaka wa tatu sasa kizazi chake kilikuwa na uvimbe. Kila mwezi alitoka damu siku kumi na moja, akavaa sketi nyeusi siku kumi na moja, na kwenye kibanda chake cha ushonaji soko la Jericho akatandika karatasi ya nailoni juu ya kiti kabla ya kukanyaga cherehani. Mara mbili alikuwa amepewa tarehe ya upasuaji. Mara mbili alikwenda na mkoba wake, akalazwa, akapimwa presha, akaambiwa arudi nyumbani. Mara ya pili alikuwa ameshavaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

"Tukikulaza mezani na presha hii, tutakuua," daktari alimwambia bila kupepesa. "Ishuke chini ya mia moja arubaini kwa tisini. Nakupa tarehe moja ya mwisho, Jumatano baada ya Pasaka. Ukija nayo juu, nafasi inakwenda kwa mwingine, nawe unarudi mwisho wa foleni."

Mwisho wa foleni ulikuwa mwakani, pengine mwaka wa baada ya huo. Kwa hiyo Norah alikuwa na siku arubaini kama Bwana wetu jangwani, tofauti ikiwa kwamba Bwana wetu hakuwa katibu wa jumuiya ndogo ya kanisa.

*

Mzee Ondiek, mwenyekiti, alifanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuandika treni imefika saa ngapi na imeondoka saa ngapi, na ingawa alistaafu zamani, kalamu haikustaafu. Ukimwambia unafika saa kumi, ukafika saa kumi na dakika mbili, atatazama saa yake, akutazame wewe, kisha aitazame saa tena, kana kwamba anaipa nafasi ya kukutetea.

Jumamosi ya kabla ya Majivu jumuiya ilikutana nyumbani kwake. Walikuwa watu ishirini na watatu katika sebule ya vyumba vya kaunti, yaani magoti ya huyu yalikuwa kwenye mbavu za yule. Mzee alifungua bahasha, akatoa kadi za manila.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele na milele, amina."

"Semina imetufundisha kwamba mwanadamu ni gari moshi," alianza. "Akili ni injini. Mwili ni mabehewa. Roho ni reli. Kimoja kikiharibika, hamfiki Kisumu. Mwaka huu hatufungi kienyeji. Kila mtu ataandika lengo la akili, la mwili na la roho. Kila jioni ataripoti. Akitimiza, anapata tiki. Asipotimiza, anapata sifuri. Na Pasaka ikikaribia, ripoti inasomwa mbele ya padre."

Watu walinong'ona. Lydiah, msimamizi wa nyimbo, mwanamke aliyekuwa na swali kwa kila jambo na jibu kwa maswali ya wenzake, aliinua mkono. "Swali langu ni dogo tu, Mwenyekiti. Hizo ripoti atapokea nani?"

"Katibu," alisema Mzee.

Na kabla Norah hajafungua kinywa, jumuiya ilimpigia makofi. Sasa, mgeni asingelielewa jambo hili, lakini katika jumuiya hiyo kazi iliyopigiwa makofi haikataliwi. Ilikuwa sheria isiyoandikwa popote na iliyofuatwa kuliko zote zilizoandikwa. Mtu mmoja tu aliwahi kukataa, miaka mingi nyuma, na mpaka leo akipita watu husema, "Yule wa makofi."

Norah angeweza kusema sababu. Alizisikia sentensi zikijipanga kooni. Lakini Mzee Ondiek hakuwa mwenyekiti tu. Alikuwa binamu wa marehemu baba yake Tobias, ndiye aliyekwenda kwao Alego kumposa, ndiye ambaye Norah alimwita Baba na kumpa maji ya kunawa akiwa ameinamisha macho. Mke wa watu hasimami mbele ya baba mkwe akataja kizazi. Angeweza kutaja kichwa, mgongo, hata meno. Kizazi, hapana.

"Asanteni," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole.

*

Ripoti zilianza Jumatano ya Majivu saa moja kasorobo jioni, Norah akiwa na kiatu kimoja mguuni, tayari kwenda kutembea.

Ya kwanza ilikuwa rekodi ya sauti ya Lydiah. Lengo lake la roho lilikuwa kunyamaza, na rekodi ilikuwa ya dakika nne na nusu, akieleza jinsi alivyonyamaza. Alieleza alinyamaza wapi, mbele ya nani, huyo nani alikuwa amesema nini, na yeye angeweza kumjibu nini kama asingekuwa ananyamaza.

Ya pili ilitoka kwa Kimani, mwenye bucha pale soko la Burma. La mwili aliandika kupunguza nyama. "Katibu, leo sijala nyama, nimeonja tu," alisema. "Mteja akiuliza kama ni laini nitamjibu nini? Nimeonja vipande vitano au sita. Niwekee tiki, lakini ndogo."

Shiku, jirani wa mlango wa pili, aliandika kukimbia kila asubuhi. Alikimbia mara moja, akateguka kifundo karibu na kioski cha mayai, na tangu siku hiyo aliripoti akiwa kitandani, akimwita Norah kwa jina la mwanawe. "Mama Austine, niwekee tiki, please. Mguu imekataa lakini roho inakimbia."

Akaja wa kuuliza kama uji ni chakula. Akaja wa kuuliza kama mtu akimsamehe jirani asubuhi halafu jirani akakosa tena mchana, ile tiki ya asubuhi inabaki au inafutwa. Watu ishirini na wawili, malengo matatu kila mmoja, maana yake tiki sitini na sita kila jioni, na hakuna iliyokuja bila hadithi. Ilipofika saa tatu Norah alikuwa bado mezani, kiatu kile kimoja mguuni, daftari limefunguka mbele yake kama mdomo wa mtoto anayelia.

"Zima simu," Tobias alisema kutoka kitandani. Alikuwa fundi wa mabomba ya kaunti, na aliamini kila tatizo lina koki yake ya kufungia.

"Nikizima, Mzee anapiga yako."

"Yangu pia nitazima."

"Halafu atakuja kwa miguu."

Tobias alifikiria. Mzee alikaa safu mbili tu za nyumba kutoka hapo. "Kweli," alisema, akajifunika.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Zaburi ya alfajiri ililiwa na ripoti zilizochelewa, kwa maana kulikuwa na watu waliotubu saa kumi na moja asubuhi na kutaka tiki yao ya jana. Kutembea kuliliwa na ripoti za jioni. Kulala mapema kukawa hadithi ya wengine. Kitu kilichobaki kilikuwa kuacha chumvi, kwa hiyo Norah alikula sukuma wiki chapwa kama maji ya mto, mkono wa kushoto kijiko, mkono wa kulia kalamu, akimsikiliza Lydiah akinyamaza.

*

Kila Alhamisi alipita zahanati iliyo nyuma ya soko kupimwa. Muuguzi alikuwa Nzivo, kijana mtaratibu wa Machakos, mwenye tabia ya kuguna kabla ya kusema namba. Alhamisi ya tatu aliguna mara mbili.

"Mia moja sitini na nane kwa mia moja na nne."

"Pima tena."

Alipima tena. Aliguna tena. "Mia moja sabini. Mama, ulianza Kwaresima ukiwa na mia moja hamsini na nane. Unafanya nini?"

"Nafanya malengo ya afya."

"Ya kupandisha?"

"Usinichekeshe, Nzivo."

"Sicheki, mama. Nauliza kama mtu anayeogopa." Aliukunja ule mkanda wa kipimo polepole. "Umebakisha wiki nne na siku kadhaa. Chumvi umeacha, naamini. Dawa unameza, naamini. Kuna kitu kingine kinakula wewe. Kitoe. Hata kama ni kitu kizuri, kitoe."

Norah hakurudi kibandani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Ondiek, akamkuta uani akipiga rangi kiti, ameandika tarehe ya kupaka kwa penseli chini ya kiti hicho. Alisalimu, akainamisha macho, akaketi mbali kidogo.

"Baba, nimekuja kuomba. Hii kazi ya tiki nataka mtu mwingine aichukue."

Mzee aliweka brashi chini. "Imekuwa nzito?"

"Imenishinda."

"Nyathina, mwanangu, msalaba ulikuwa mwepesi? Itoe kama sadaka. Kwaresima si wakati wa kujiuzulu."

"Ni kwa sababu ya afya, Baba."

"Afya gani? Si ndiyo tunayotafuta sisi sote, akili, mwili na roho?"

Norah alitazama rangi ikichirizika kwenye mguu wa kiti. "Ni mambo ya... ni ugonjwa wa akina mama."

Mkono wa Mzee ulipaa haraka kama wa askari anayesimamisha magari. "Inatosha! Inatosha. Hayo usinieleze mimi." Alitazama ukuta, akatazama saa, akatazama mbingu. "Nitakupa msaidizi. Nitamweka Lydiah."

Na hivyo ndivyo mzigo wa Norah, ulipopata wa kuusaidia, ulivyozidi uzito. Lydiah alisaidia kwa kukagua. Kila asubuhi alikuja kibandani, akalichukua daftari, akalipitia na kalamu nyekundu. "Bi Katibu, huyu Kimani tiki ndogo maana yake nini? Tiki ni tiki. Na Shiku huyu anapewa tiki za kukimbia akiwa amelala? Tutamwambia nini padre?" Kisha alimpigia Shiku, Shiku akampigia Norah kulalamika, Kimani akaja mwenyewe kutoka Burma na aproni yake ya damu kueleza falsafa ya kuonja, na sare za shule ishirini na nne zilizokuwa zimalizike Ijumaa zikakaa kwenye kapu bila mikono.

Alhamisi ya nne Norah hakwenda kupimwa. Aliogopa kule kuguna.

*

Mkutano wa Jumamosi ya tano ulikuwa zamu ya nyumba ya Norah. Alisogeza viti, akahamisha meza, akaweka msalaba na mshumaa, na tangu asubuhi damu ilikuwa imeanza upya, ikishuka kwa nguvu kiasi kwamba alipoinama kufagia alishika ukuta akangoja sakafu itulie. Akavaa sketi nyeusi. Akawakaribisha.

Walisali rozari, wakaimba, wakasoma Injili. Kisha Mzee Ondiek akatangaza kwamba yupo padre atakayetembelea jumuiya kabla ya Jumapili ya Matawi, na kwamba ripoti lazima iwe safi.

"Mwenyekiti, nina swali dogo tu," alisema Lydiah, akiwa ameshasimama na daftari mkononi. "Nimepitia kila jina. Kuna mtu mmoja hapa hana tiki hata moja tangu wiki ya kwanza. Sifuri, sifuri, sifuri. Akili, mwili, roho." Alipitisha macho sebuleni. "Sipendi kutaja watu, nyote mnajua niko kwenye kunyamaza. Lakini mtu huyo ni katibu mwenyewe."

Sebule ikasema "Aaai!" ile ya chini chini, yenye huruma kidogo na utamu mwingi.

"Mganga hajigangi," mtu akasema huko nyuma, na wawili wakacheka.

"Nyathina," alisema Mzee Ondiek, kwa upole uliomuuma Norah kuliko kelele, "hata kutembea? Miguu unayo."

Norah alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango wa jikoni. Alisikia mapigo ya moyo wake masikioni, du, du, du, kama mtu anayetwanga mahindi ghorofa ya juu, ingawa nyumba yao haina ghorofa. Akamkumbuka Nzivo. Akaikumbuka ile Jumatano. Akajiona amerudi tena nyumbani na mkoba, mara ya tatu, na sketi nyeusi ya mwaka mwingine, na mwingine.

Alisimama.

"Baba," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama usoni. "Nina uvimbe kwenye kizazi."

Tobias, aliyekuwa mlangoni na sinia ya vikombe vitupu, alisimama kama sanamu ya mtakatifu ambaye bado hajapewa jina.

"Natoka damu siku kumi na moja kila mwezi. Hata sasa, nikiongea hapa, inatoka. Jumatano ya Pasaka napasuliwa, na presha ikiwa juu sipasuliwi. Nilikuwa na malengo yangu. Nilikuwa nayo kabla ya semina. Nilitaka kutembea, Baba, miguu ninayo. Lakini kila jioni nikifunga kiatu, Lydiah ananiambia alivyonyamaza."

Mzee Ondiek alikuwa ameyaelekeza macho kwenye mabati ya dari na alikuwa anayasoma bati moja moja. Kama kungekuwa na treni ya kumtoa pale, angeipanda bila kuuliza inakwenda wapi.

Norah alimfuata Lydiah, akaliweka lile daftari vizuri mikononi mwake, na kalamu juu yake. Kisha, akiwa na hasira iliyokuwa tulivu kiasi cha kumshangaza yeye mwenyewe, akageukia watu na kupiga makofi. Alipiga peke yake, taratibu, mpaka Shiku naye akaanza, akafuata Kimani, na baada yake sebule nzima, kwa sababu makofi ni kama miayo. Lydiah alifungua kinywa. Alitazama huku na huku. Kazi ilikuwa imeshapigiwa makofi.

Norah alitoa raba zake chini ya kochi, akawaomba wawili wasogeze magoti, akazivaa, akatoka nje, akaiacha jumuiya yote sebuleni kwake.

Alikuwa amefika uwanja wa mpira, mita mia mbili mbele, aliposikia kandambili zikipiga nyuma yake. Shiku alikuja akichechemea.

"Mama Austine! Ngoja basi! Wueh, umewaacha kwa keja yako na hujawapea hata chai?"

"Ni Kwaresima. Wafunge."

"Na vile umeongelesha Mzee! Nilidhani ataingia chini ya carpet." Shiku alimshika mkono, akawa mzito ghafla. "Siz, mbona hukuniambia? Mimi niko mlango wa pili, si Mombasa."

"Ningekuambia saa ngapi? Nilikuwa nakuwekea tiki za kukimbia."

Shiku alicheka mpaka akashika mbavu, na Norah akaona kumbe naye anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuyapangusa. Walitembea hadi Barabara ya Rabai, wakarudi polepole kwa ajili ya damu ya mmoja na kifundo cha mwingine. Waliporudi nyumba ilikuwa tupu. Viti vilikuwa vimerudishwa mahali pake, tena vimepangwa kwa mstari ulionyooka mno. Ni mtu wa reli tu anayepanga viti namna ile.

*

Zikafuata wiki mbili za kimya cha ajabu. Simu haikulia saa moja. Norah alitembea kila jioni damu ilipokoma, akasoma zaburi zake alfajiri, akamaliza sare zake, akalala saa tatu kama kuku. Mzee Ondiek akimwona mbali alivuka barabara, na asipopata pa kuvukia aliinua kofia na kuisalimu miti. Akina mama wa jumuiya nao walianza kumsemesha kwa sauti ya msibani, "Pole, Mama Austine, unajisikiaje?" hadi alitamani kulichukua tena daftari lao.

Nzivo aliguna mara moja tu. Mia moja arubaini na tisa. Wiki iliyofuata, mia moja arubaini na mbili kwa tisini. "Unakaribia," alisema. "Ulikitoa?"

"Nilikitoa."

"Kilikuwa nini?"

"Kitu kizuri," alisema Norah.

Jumanne baada ya Pasaka Tobias alimsindikiza hospitali, akambebea mkoba, akakaa naye mpaka saa za wageni zilipokwisha na askari akamtoa. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili. Sista wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa akipita kitanda hadi kitanda na mashine yake.

"Nikikupima saa hii na ikiwa sawa, naandika jina lako kwenye ubao wa kesho," alimwambia Norah. "Ikiwa juu, pole. Lala chini, usiongee, usifikirie chochote kwa dakika tano."

Norah alilala, akafumba macho. Alihesabu pumzi. Alifika ya tisa.

Kisha akausikia wimbo.

Ulitoka upande wa ngazi, ukapanda, ukakaribia. Sauti moja ilitangulia nyingine zote kwa nusu neno, kama kawaida yake. Norah hakuhitaji kufumbua macho ili kujua, lakini aliyafumbua. Mlangoni pa wodi jumuiya ilikuwa imejaa, vitenge vya sare, rozari mkononi, watu kumi na wanne kwa hesabu ya haraka. Lydiah alikuwa mbele. Kimani alibeba mfuko. Shiku alikuwa nyuma akimpungia mkono, usoni ameandika, Nilijaribu kuwazuia. Na pembeni, akiwa ameupa mlango mgongo ili asiione wodi ya wanawake, amesimama wima kabisa na kofia kifuani, alikuwa Mzee Ondiek.

"Saa za wageni zimepita!" sista alipaza sauti.

"Sisi si wageni, sista," alisema Lydiah. "Sisi ni jumuiya. Tumekuja kumwombea mwenzetu wa kitanda cha nne. Tutafanya rozari moja tu, matendo matano, na litania, na Mwenyekiti ana neno."

"Fupi," alisema Mzee Ondiek, akiuambia ukuta.

Norah alisikia kule kutwanga kukianza tena masikioni. Du. Du. Sista alimgeukia, mashine mkononi, nyusi juu.

"Mama, hawa ni watu wako?"

Norah aliwatazama. Waliamka asubuhi wakafunga biashara zao. Walipanda gari mbili kufika hapa. Kimani pengine alileta supu, na supu hiyo ilikuwa imeonjwa. Mzee, ambaye hangeweza kulitaja neno lililomleta, alikuja hata hivyo, akageuza mgongo.

"Siwajui," alisema Norah.

Sista hakungoja zaidi. Aliwafukuza kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama, na wimbo ukashuka ngazi ukiwa umekatika katikati ya ubeti. Norah alilitazama dari. Petro alisema neno hilohilo uani kwa kuhani mkuu, akalia kwa uchungu. Lakini Petro, alijiambia, hakuwa anasubiri kupimwa.

Mkanda ulimbana mkono, ukabana, ukalegea taratibu. Sista alitazama namba kwa muda mrefu.

"Mia moja thelathini na sita kwa themanini na sita."

"Iko chini?"

"Iko chini, mama. Kesho wewe ni wa pili."

Kutoka uani, chini ya dirisha, Lydiah aliuanza upya ule wimbo mahali pale pale ulipokatikia, na wengine wakaudaka. Norah aliketi kitandani, akamshika sista kiwiko na kumsukuma kuelekea ubaoni.

"Andika," alisema. "Andika sasa hivi, kabla hawajapata ngazi nyingine."